Gari Lilifutwa, Mwenyewe Hakufutwa

Mzee Gia alikutwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gereji yake, miguu mitupu, kisogo kimepasuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele kama wa mtu anayeomba kitu. Mlangoni palikuwa na kikombe kilichovunjika na chai iliyomwagika. Mkewe ndiye aliyeileta asubuhi ile, na ndiye aliyepiga simu polisi.

Kando ya maiti lilisimama gari jekundu, la mbio, la viti viwili. Gari la zamani, limetengenezwa kabla mzee hajaoa. Liling'aa kama limetoka kiwandani jana.

Inspekta alisimama kwanza akatazama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Kituoni walimwita Shangazi, kwa sababu alihoji watu kama shangazi anayejua nani kadokoa nyama jikoni, ila anataka useme mwenyewe.

Ukutani palikuwa na kibao: VUA VIATU, SAA NA MKANDA.

"Mkanda nao wa nini, Shangazi?" aliuliza koplo.

"Bizimu yake hukwaruza rangi."

"Na suruali yangu ikianguka?"

"Ianguke. Gari litakuwa salama."

Koplo alicheka kidogo, kisha akaiona tena ile maiti akanyamaza.

Damu ilikuwa imeruka. Matone yalikuwa ukutani, kwenye sanduku la spana, hata kwenye tairi la mbele. Inspekta alichuchumaa akalitazama tairi, akainua macho kwenye madigadi iliyo juu yake. Nyekundu, safi, haina hata doa.

"Tairi lina damu. Ukuta una damu. Madigadi iko katikati, haina kitu," alisema.

"Labda damu iliipita."

"Damu haina adabu, koplo. Haikwepi gari la mtu."

Mtaalamu wa maabara alifunga mlango, akazima taa, akapuliza dawa ya kufichua damu iliyofutwa. Madigadi ikawaka rangi ya buluu gizani. Michirizi ilikuwa imenyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, kama mistari ya daftari.

"Imefutwa kwa kitu laini chenye maji," alisema mtaalamu. "Halafu ikakaushwa. Huyu hakuwa na haraka."

Mkono wa jeki ulikuwa umening'inizwa mahali pake ukutani, pamoja na vifaa vingine. Nao ulikuwa umefutwa, lakini kwenye maungio palibaki damu na unywele mweupe. Pembeni yake palikuwa na msumari mtupu, na chini yake alama ya kitu kilichoning'inia hapo miaka mingi.

Inspekta alirudi kwenye maiti. Uso wa mzee, ulioelekea upande, ulikuwa umeganda damu, puani, machoni, mdomoni. Hakuna aliyeugusa.

"Aliyefanya hivi alilionea huruma gari," alisema polepole. "Mwenye gari akamwacha hivyo hivyo."

Mjane alikuwa sebuleni kwenye kiti chenye mto mnene, fimbo yake katikati ya magoti. Hakuinuka kuwapokea. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha. Daktari alikuwa amesema asipopasuliwa na kuwekewa ya bandia, mwaka ujao hatatembea.

"Pole sana, mama."

"Asante, mwanangu. Kaeni."

"Jana ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Magharibi. Alikula, akaenda gereji."

"Hakurudi kulala. Hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Ana mkeka wake kule. Mimi ni mke mdogo tu, Inspekta. Nilijua amelala kwa Bi Mkubwa."

Koplo alifungua kijitabu chake haraka. "Huyo Bi Mkubwa anakaa wapi? Tumhoji."

"Mhoji," alisema mama. "Yuko gereji. Ana magurudumu manne."

Koplo akafunga kijitabu.

Mama alisema gari lile alilipanda siku ya harusi yake. Mtoto alipozaliwa wakawa watatu, na viti vilikuwa viwili. Kiti chake kikawa cha mtoto. Tangu hapo yeye alikuwa akiwafungulia geti.

"Nani alifika hapa jana?"

"Dalali wa magari. Mchana."

"Na mwanao?"

Vidole vya mama vilikaza fimbo. "Mwanangu alikuwa kwake. Ana chumba ng'ambo ya barabara. Hakuja."

"Una hakika?"

"Inspekta, sikujaliwa mwingine. Mume nishampoteza. Nimebaki na huyo mmoja. Nikikwambia hakuja, hakuja."

Mwenye mtoto atajua mama yule alikuwa anasema nini. Inspekta naye alikuwa na watoto. Hakumbishia.

Dalali walimkuta kwenye uwanja wake wa magari, jasho likimtoka.

"Miaka ile lilikuwa chuma chakavu," alisema. "Mzee alilikuta uani kwa mtu, kuku wanatagia humo. Watu walimcheka. Sasa yamebaki machache, na matajiri wanayatafuta kama dawa. Kila mwaka bei inapanda. Mwaka juzi lilikuwa sawa na nyumba. Leo ni mtaa mzima."

"Na wewe ulilitaka."

"Nani hakulitaka? Nilimbembeleza miaka kumi, akanifukuza. Juma lililopita akanipigia mwenyewe, 'Njoo ulichukue.'"

"Kwa nini?"

"Nyonga ya mkewe. Alisema alimsikia akilia bafuni, amejifungia asisikike. Akaniambia, 'Mwanamke amenifungulia geti miaka yote, leo hawezi kulifikia.' Leo tulikuwa tutie saini."

"Ukaona umuue ulipate bure."

"Astaghafiru! Inspekta, nimuue muuzaji kabla hajatia saini? Gari la marehemu hulala mahakamani mpaka tairi zioze. Mimi nimepata hasara kubwa kuliko nzi aliyekosa kidonda. Tena jana jioni nilikuwa na wenye magari wenzangu hadi tukafukuzwa hotelini. Waulize."

Waliulizwa. Ilikuwa kweli.

"Basi nani hakutaka liuzwe?"

Dalali alitazama pembeni. "Muulizeni Spana, mwanawe. Jana hata mlango alinikataza nisishike."

Wakiwa njiani, simu ya Inspekta ililia. Alikuwa daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti. Inspekta alisikiliza, akasema "naam" mara mbili, akakata.

Spana aliitwa gerejini. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mikono imara, kucha safi kuliko za daktari. Alivaa fulana isiyo na kifungo hata kimoja na suruali ya kufunga kwa kamba. Maiti ilikuwa imeshaondolewa, doa jeusi limebaki sakafuni. Alilivuka bila kulitazama, akaenda kusimama kando ya gari.

Inspekta alimpa koplo ishara. Koplo akatoa pingu kiunoni, akaziweka juu ya boneti. Kling!

"Toa!" Spana aliruka. "Toa hizo pingu! Una wazimu wewe?"

Alizinyakua, akamtupia koplo kifuani. Akapulizia pumzi pale zilipogusa, akashika pindo la fulana yake, akaanza kufuta. Mbele kwenda nyuma. Mbele kwenda nyuma. Mistari iliyonyooka.

"Mbona hufuti kwa kuzungusha?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Kuzungusha kunaacha alama. Baba alinifundisha."

"Alikufundisha vizuri. Na alikuwa anafutia nini?"

"Kitambaa cha ngozi. Kinakaa pale." Akanyoosha kidole kwenye msumari mtupu. Kidole kikabaki hewani.

"Hakipo," alisema Inspekta. "Twende kwa mama."

Mama hakuwa ameondoka kitini. Spana aliketi mbele yake, koplo nyuma yake.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Sijui."

"Mwacheni mwanangu!" alidakia mama. "Kufuta hivyo ni ushahidi? Wenye magari yale wote wanafuta hivyo hivyo. Mnataka kunimalizia nyumba?"

Alikuwa na haki. Koplo alimtazama Inspekta. Hawakuwa na kitu mkononi, ila kufuta tu.

Inspekta alivuta kiti akakaa karibu na mjane, magoti yakigusana.

"Mama, daktari amenipigia. Naona ni haki yako kujua. Mzee alipigwa mara moja tu. Hakufa palepale."

Mama aliinua uso.

"Alikaa muda mrefu. Daktari anasema angefikishwa hospitali, huenda angepona. Na tone lililotua madigadi lilifutwa bado bichi."

"Sijaelewa."

"Umeelewa, mama."

Mama akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikawa ndogo.

"Spana. Alikuwa hai?"

"Mama, hawa wanataka tu..."

"Nakuuliza mimi, sio askari. Ulipokuwa unafuta, baba yako alikuwa anapumua?"

Spana alitazama mikono yake.

Mama aliegemea fimbo kwa mikono yote miwili akaanza kuinuka. Koplo alitaka kumsaidia, Inspekta akamzuia. Iliuma, uso ulionyesha. Aliposimama, aliinua ule mto aliokuwa ameukalia tangu asubuhi. Chini yake palikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake ngozi laini iliyolowa, yenye wekundu uliofifia.

"Nilikikuta alfajiri kwenye ndoo bafuni kwetu, kimelowekwa na sabuni. Nikasema labda kajikata. Nikasema labda ni rangi. Mama hakosi la kujiambia." Akamkabidhi Inspekta. "Nilidhani alipiga kwa hasira akakimbia. Hilo ningelibeba hadi kaburini. Lakini alikaa!"

Koplo alimtazama Spana, hakuamini. "Ndugu yangu, kwa nini hukukitupa tu?"

"Ngozi nzuri ile," alisema Spana. "Haipatikani tena siku hizi."

Inspekta alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na kutumika kama ushahidi. Spana aliitikia kwa kichwa, akasema. Alisema kama mtu anayetua mzigo.

"Aliniita tulisafishe mara ya mwisho. Akasema kesho linaondoka. Nikamwambia, baba, uliniahidi. Tangu nina miaka saba unaniambia hili ni lako ukilitunza. Siku nilipolikwaruza mlango kwa kifungo cha shati, alinichapa mpaka nikazirai, akavikata vifungo vyangu vyote. Sijavaa kifungo tena. Niliacha shule kwa ajili ya gari lile. Mchumba akaniacha. Nikasema si kitu, siku moja nitakaa kiti cha dereva."

"Akajibu nini?"

"Akasema, 'Mama yako hatembei. Ni bati tu hili.' Bati! Yeye ndiye wa kuniambia ni bati? Akageuka akaendelea kufuta. Mkono wa jeki ulikuwa karibu."

"Halafu?"

"Damu ikarukia madigadi. Ile ni rangi ya kwanza, ya kiwandani. Ndiyo inayolipa gari lile thamani. Damu ikikauka inaila."

"Na baba yako?"

"Alikuwa anakoroma. Akanyoosha mkono." Spana akanyoosha wake, taratibu, vidole wazi. "Nilidhani ananionyesha mahali nilipobakisha. Nikarudia kufuta."

Mama alitoa sauti ambayo haikuwa kilio. Aliketi kwenye kiti kisicho na mto.

"Samaki tulimkunja angali mbichi," alisema, bila kumwambia mtu. "Baba mtu alikunja, mimi nikafungua geti. Amekunjika."

Wakamfunga pingu. Alizitazama zilivyobana mkono wake, hakusema kitu.

Gari lilivutwa hadi kituoni kama kielelezo, likaegeshwa uani katikati ya pikipiki mbovu. Askari walipita wakilipapasa. Mmoja aliweka sahani ya chakula juu ya boneti, akala akiwa amesimama.

Siku ya tatu mama alikwenda mahabusu. Alipanda basi, akateremka, akatembea na fimbo yake kutoka kituo cha basi hadi getini, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mvua ilimkuta njiani, kubwa, ya mawe. Hakuwa na mwavuli. Alipofika kwenye nondo alikuwa anatiririka maji, amekumbatia kopo la chakula ndani ya nguo lisiingie maji.

Spana alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Mvua ilipiga bati la paa kama changarawe. Akainua kichwa, akasikiliza. Macho yake yakajaa machozi. Mama akasogea, akaingiza mkono katikati ya nondo, akasema moyoni, sasa mwanangu atamlilia baba yake.

"Mama," alisema Spana. "Wamelifunika?"

Mama akauacha mkono wake pale pale kwenye nondo, maji yakidondoka sakafuni.

"Mimi nimelowa, mwanangu," alisema.