Wa Mgongoni na wa Nyumbani

Jua lilishaegemea milima ya Heru Juu Esteri aliposhuka bondeni kutoa mihogo aliyoiloweka kijitoni. Mgongoni kambeba Butoyi. Pacha wake, Bukuru, kamwacha nyumbani na mama mkwe.

Huyu Esteri alijiona mjanja, jamani! Mapacha walizaliwa mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Katekista Ildefonsi akamwambia achague: ama wabatizwe, ama awatoe kwa mizimu ya ukoo. Mama mkwe naye akaapa kuwa mizimu isipopewa watoto itawachukua yenyewe. Esteri akawaza siku kadhaa, akaja na hekima yake. Bukuru akampeleka kubatizwa. Katekista alipouliza wa pili yuko wapi, akasema ana homa. Butoyi akampaka udongo mweupe, akamweka mbele ya kibanda cha mizimu. Kila upande upate wake, yeye abaki na wote wawili. Na kila Muha anajua, pacha hapewi kitu mwenzake akanyimwa. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse yeye?

Basi akainama, akaingiza mikono majini. Harufu ya mihogo iliyovunda ikampanda puani. Vyura walikuwa wakilia. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja...

"Mwidiwe, mwanangu."

Ng'ambo ya kijito alisimama bibi kizee, uso kaupaka udongo mweupe. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani, wala haikudondosha tone.

"Mwidiwe, bibi," Esteri aliitikia salamu kwa sauti ndogo.

"Huyo mgongoni ni wa nani?"

"Ni wangu."

Kizee akacheka chini chini. "Wako? Si uliwagawa? Nimekuja kumchukua wetu. Sema, ndiye huyo?"

Esteri alihisi pumzi ya Butoyi shingoni, ya moto, ya maziwa. Mdomo ukaitangulia akili.

"Huyu wa kanisa! Kabatizwa!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu!"

"Haya, mwanangu. Basi wetu yuko nyumbani."

Kizee akageuka, akaanza kupanda mlima. Topeni hakuacha unyayo.

Ndipo Esteri alipoelewa alichofanya. Angesema kweli, angemtoa huyu wa mgongoni. Akafungua mdomo... akaufunga. Akaacha mihogo, akakimbia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, anapepeta maharage.

"Mbona unahema hivyo?"

"Bukuru yuko wapi, mama?"

"Kalala. Kuna bibi kapita kumsalimia, kasema umemtuma wewe."

Ndani kulinuka mihogo iliyovunda. Esteri akapapasa kitandani, akamgusa mwanawe.

Baridi.

Kwenye paji la uso, pale pale yalipomwagwa maji ya ubatizo, palikuwa pamepakwa udongo mweupe. Ulikuwa mbichi bado.

Wakamzika. Esteri alilia mpaka sauti ikakauka, lakini siri ya bondeni hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mumewe, kwamba alimwuza mmoja kwa kiapo cha uongo? Matanga yalipokwisha tu akamfunga Butoyi mgongoni, akaenda mbio kanisani kwa katekista. Sasa alikuwa amechagua. Alichelewa, lakini alichagua.

"Mbatize huyu, mwalimu. Leo hii, nakuomba."

Esteri akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. Ildefonsi akachota maji, akasogea karibu. Jua lilikuwa linazama, na humo kanisani uso wake haukuonekana vizuri. Vyura wa bondeni walisikika kwa mbali. Kisha wakanyamaza.

"Mtoto huyu ni wa nani?" akanong'ona.

Sauti haikuwa ya Ildefonsi. Esteri akatazama ile mikono iliyokinga maji. Kucha zilijaa udongo mweupe. Na ile harufu, Mungu wangu, ile harufu...

Safari hii hakujibu. Alibana meno, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote.

Butoyi, ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza, akainua kichwa chake kifuani pa mama yake. Akasema wazi kabisa, kama mtu mzima:

"Wenu."