Muhuri Uliolala Upande

Saa moja kasorobo asubuhi, lango la mashariki la kiwanda cha mashine za gemu pale Tangxia, kusini mwa China, lilikuwa limefurika watu wa ovaroli za buluu, kila mmoja na haraka yake. Mashine ya kukagua chuma ikalia. Tii! Foleni nzima ikasimama.

"Kaka, umemeza bisibisi?" sauti ya kike ikauliza kwa nyuma.

Pang Jinwu akageuka. Binti mwenyewe mfupi, kofia ya kazi kaisukuma kisogoni, raba za rangi ya chungwa miguuni, na mkononi mfuko wa tambi za mchele unaovuja pilipili.

"Ni bizimu ya mkanda tu," Jinwu alisema, masikio yamemwiva.

"Vua basi. Suruali ikianguka tutafumba macho. Baadhi yetu."

Watu wakacheka, naye akavua.

Binti huyo, Shi Yinmei, alitoka milima ya Guizhou. Kwa miaka minne alikuwa amepita viwanda vitano, na vyote alivihama bila kuaga. Jinwu alikuwa mtu wa mkoa wa Gansu, mkaguzi. Kazi yake kutikisa kila mashine ya gemu karibu na sikio, asikie kama kuna skrubu imelegea ndani, kisha kupiga muhuri wa namba yake kwenye kadi inayosafiri na mashine hiyo. Yinmei alikaa mwisho wa safari, ufungaji: anasoma kadi, anatia mashine kwenye katoni.

"Kumbe 3718 ni wewe!" alimwambia siku ya kwanza walipokula pamoja. "Muhuri wako kila siku umelala upande kama mlevi."

"Natumia mkono wa kushoto."

"Utanipa shida maisha yangu yote."

"Maisha yote? Umeshapanga?"

"Kula wali wako, wewe."

Wakazoeana. Kila jioni simu ililia bweni la wasichana.

"Mei, umekula?"

"Nimekula. Nawe unaniuliza chakula tu kama mpishi."

"Basi nikuulize nini?"

"Fikiria mwenyewe, jinga wee."

Hakuna aliyetulia miezi ile. Juu ya laini ya uzalishaji palitundikwa ubao wa kuhesabu siku zilizobaki kabla ya uzinduzi wa mashine mpya, na kila namba ilipobadilishwa, mkanda unaosafirisha mashine uliongezwa kasi. Ubao ulipofika ishirini, mama yake Yinmei akapiga simu: arudi nyumbani, yuko mwalimu mmoja anatafuta mke, mtu mpole, ana nyumba ya ghorofa. Yinmei akakata tiketi ya treni, Ijumaa ya wiki ya pili, saa sita mchana. Kisha akamwambia Jinwu.

"Nipe sababu ya kubaki."

Jinwu akainuka. "Kesho nitakupa."

Kesho yake hakuonekana. Simu imezimwa. Kitanda chake bwenini kimebaki mbao tupu.

"Amekimbia," wenzake walisema. "Msimu huu wanakimbia kila siku."

Yinmei, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akikimbia, hakujua mtu aliyeachwa anafanya nini. Akafunga katoni kwa hasira mpaka utepe wa gundi ukachanika.

Lakini Jinwu hakwenda mbali, mita mia tatu tu. Alfajiri ile wakaguzi hamsini waliitwa Jengo la Saba, madirisha yamebandikwa karatasi, palipotengenezwa toleo lenye rangi ambayo dunia haikutakiwa kuiona kabla ya siku yake. Walipewa namba mpya, na simu zilitiwa kwenye mifuko ikafungwa kwa lakiri. Wanalala humo, wanakula humo, mpaka lori la kwanza litoke. Atakayemaliza anapandishwa cheo kuwa kiongozi wa laini.

Ubao ukafika kumi na moja. Mashine za Jengo la Saba zikaanza kushuka ufungaji ndani ya mifuko myeusi, kadi zimening'inia nje. Yinmei akashika moja. Namba 0042, namba ngeni. Muhuri umelala upande.

Akakaa akiutazama mpaka mkanda ukamlimbikizia mashine saba.

Mashine iliyokataliwa hurudishwa kwa mkaguzi aliyeipitisha. Ndiyo sheria ya kiwanda. Yinmei akachukua kadi nyekundu, na kwenye mstari wa kasoro akaandika: *Haijibu inapoulizwa.*

Kesho yake mashine ilirudi, kadi imeandikwa: *Mkaguzi amefungiwa, simu hana. Jibu analo. Mashine ikikataliwa mara tatu, mkaguzi hutolewa, na cheo cha kiongozi wa laini anakikosa. Ikatae tena.*

Akamtoe mwenyewe? Akampotezee cheo? Siku nzima mashine ile ilikaa chini ya meza yake. Asubuhi akaandika kwenye kadi nyekundu ya pili: *Una hakika?*

Jibu likaja Jumatano: *Nimetikisa mara nyingi. Hakuna kilicholegea.*

Akaandika kadi ya tatu. Kadi ya tatu hutaka sahihi ya msimamizi, na msimamizi alikuwa dada Qiu, mwanamke wa miaka hamsini asiyecheka kazini. Dada Qiu akaitikisa mashine. Kimya.

"Ina kasoro gani hii?"

"Skrubu, dada. Haisikiki kwa kila sikio."

Dada Qiu akautazama muhuri uliolala, kisha uso wa Yinmei, kisha tena muhuri.

"Mashine yenyewe nitaipitisha kwa mkono wangu," alisema. "Huyu wa kushoto atoke. Ananiharibia kadi."

Akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi, lango la mashariki. Yinmei alisimama nje na begi lake, na raba zile zile. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameaga kiwanda: laini nzima, hata mlinzi. Ndani, wakatokea waliotolewa Jengo la Saba. Mashine ya kukagua chuma ikamlilia mmoja wao. Tii!

"Hujifunzi?" Yinmei alipaza sauti.

Jinwu akapita ameshika suruali kwa mkono mmoja, mkanda kwa mwingine. Amekonda, ndevu zimechipua.

"Sababu ya kubaki sina," alisema. "Nilitaka kukuambia hivyo siku ile. Usibaki. Twende wote, nikamwambie mama yako mwenyewe kwamba nakuoa."

"Na cheo chako?"

"Wamepata mwingine. Mimi nilikuwa nakipenda kidogo tu."

Yinmei akamtupia begi.

"Mama hapendi mtu anayeshika vijiti vya chakula kwa mkono wa kushoto."

"Basi mezani kwake nitashika kwa kulia."

"Thubutu," Yinmei alisema. "Nitakujuaje?"