Kuku wa Wakonyo na Sahani ya Mbwa

Asubuhi za Endarasha ni za baridi. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua na kulala juu ya mashamba mpaka jua lipate nguvu. Wakonyo alikuwa ameizoea baridi hiyo. Yeye na mumewe, Kahiga, walihamia huko miaka michache baada ya Uhuru, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa. Walipanda viazi, mahindi na pareto. Walifuga ng'ombe wa maziwa na kondoo wachache. Na kama kila nyumba ya huko, walikuwa na mbwa. Mbwa wao aliitwa Komando.

Kila asubuhi Wakonyo aliwasha moto, akakamua ng'ombe, kisha akaenda kwenye ghala la mahindi. Ghala lao lilisimama juu ya miguu ya miti. Chini yake ndipo kuku walipolala. Aliwarushia mahindi yaliyovunjwa, nao wakaja mbio wakisukumana.

Kuku hao walikuwa weupe, wazito, wa kisasa. Hawakuwa mali ya Wakonyo peke yake. Walikuwa wa kikundi cha akina mama. Mama aliyepewa kuku aliwazalisha. Vifaranga walipokua, alichagua jogoo mmoja na mitetea wachache, akampa mama anayefuata. Hivyo ndivyo kuku walivyozunguka nyumba hadi nyumba.

Aliyefuata baada ya Wakonyo alikuwa Watiri, mjane aliyelea wajukuu wake. Kila Jumapili, watu walipotoka kanisani, Watiri aliuliza habari za kuku kama mtu anayeuliza habari za watoto. Alikuwa amekwisha kuwafumia kikapu cha kutagia.

Asubuhi moja Wakonyo alikwenda ghalani na mahindi yake. Aliwaita kuku. Hakuna aliyekuja.

Nyasi zilikuwa zimejaa manyoya meupe. Chini ya ghala palikuwa na damu. Mitetea wawili walikuwa wamelala wamekufa karibu na ua wa miti ya kaiyaba. Wengine hawakuonekana kabisa. Jogoo alikuwa juu ya paa la ghala, mkia umeng'olewa, anatetemeka.

Kuku mmoja tu alikuwa mzima. Alikuwa jikoni, nyuma ya mafiga, akiatamia mayai yake ndani ya karai kuukuu.

Kahiga alikuja akatazama. Aliinama penye ua. Kaiyaba ina miiba mirefu, lakini chini, mahali maji ya mvua yalipopita, palikuwa na tundu. Kwenye miiba palining'inia nywele za mbwa.

Kahiga alimwambia mkewe asijisumbue. Aende awaeleze akina mama yaliyotokea. Wao ni watu wazima, wataelewa.

"Wataelewa, ndiyo," alisema Wakonyo. "Na Watiri atakula kuelewa?"

"Sasa utafanya nini? Kuku wameliwa."

"Niko na jogoo mmoja. Niko na kuku mmoja, na mayai. Watiri atapata kuku wake, Baba Muriithi. Sijui namna gani, lakini atapata."

Kwanza alitaka kumjua mwenye kosa, na aliamini anamjua tayari. Jirani yao Ngatia alikuwa na mbwa wawili wakubwa. Wakonyo alisimama kwenye ua na kumwita. Alimwambia kwamba mbwa wake ni wezi na yeye ndiye aliyewalea. Ngatia alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakucheka.

"Mama Muriithi, uliwaona kwa macho yako?"

"Nani mwingine hapa ana mbwa kama ndama?"

"Na huyo wako je? Ama yeye anakula majani?"

Wakonyo aliondoka bila kumuaga.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya josho. Watu walipeleka ng'ombe kuogeshwa kwa dawa ya kupe. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Magdaline, msichana wa idara ya mifugo aliyetoka chuoni mwaka uliopita. Alivaa buti za mpira na koti la kijani. Watu walimwita Daktari, ingawa aliwaambia mara nyingi kwamba yeye si daktari.

Wakonyo alingoja mpaka ng'ombe wakapungua. Kisha akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka dawa kali.

"Ya kupe, mama?"

"Ya mbwa."

Magdaline alimtazama. Aliuliza mbwa huyo anaumwa nini.

"Haumwi. Mimi nataka aumwe. Nitaipaka kwenye kuku waliokufa, niwaweke penye tundu la ua. Arudi, ale, amalize."

Magdaline hakumkemea. Alimpa pole kwanza kwa hasara aliyopata. Kisha akamuuliza maswali. Mbwa akila sumu, akaenda kutapika kwenye mfereji wa maji, ni nani huchota maji hapo? Akimbeba huyo kuku mwenye sumu hadi shamba la mtu mwingine, ni nani atakayemwokota? Na yule jogoo aliyebaki, je, hatadonoa?

Wakonyo alijua jibu. Watoto wa kijiji kizima walichota maji kwenye mfereji huo. Wajukuu wa Watiri pia.

"Wale waliokufa wako wapi sasa?" aliuliza Magdaline.

"Niliwafunika kwa gunia. Mwanzoni nilifikiri tungewala."

"Msiwale, mama. Hatujui ni mbwa gani walioweka mdomo hapo. Nikimaliza hapa nitakuja kwako. Tutaangalia pamoja."

Alasiri Magdaline alifika. Alitembea polepole kuzunguka boma. Alitazama chini ya ghala, akatazama tundu la ua. Nyuma ya ua aliona maganda ya mayai na mifupa midogo iliyozeeka. Aliuliza vitu hivyo vimefikaje pale. Wakonyo alieleza bila wasiwasi. Kifaranga akifa, yeye humtupa nje ya ua. Maganda ya mayai pia. Kila mtu hufanya hivyo.

Kisha Magdaline akauliza, "Usiku kuku walipouawa, mbwa wenu alibweka?"

Kahiga na Wakonyo walitazamana. Hakuna aliyemsikia.

"Alikuwa wapi?"

Hakuna aliyejua. Mchana Komando alifungwa kwa mnyororo. Jioni Kahiga alimfungulia ili alinde boma, na asubuhi alirudi mwenyewe.

"Anakula nini jioni?"

Kahiga alicheka kidogo. Alimweleza Magdaline jambo ambalo kila mwanamume wa kijiji kile alilijua. Mbwa wa kulinda hapewi chakula jioni. Akishiba atalala, na wezi watabeba pareto yote. Mbwa lazima awe na njaa ndipo awe mkali.

Magdaline alikwenda mahali Komando alipolala mchana, chini ya kitanda cha kukaushia maua ya pareto. Udongo wa pale ulikuwa laini, umechimbwachimbwa. Aliufukua kwa kijiti. Lilitokea bawa jeupe.

Komando alitikisa mkia.

Wakonyo aliketi juu ya gogo. Alilitazama lile bawa, kisha akamtazama mbwa aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alitaka kukasirika, lakini hakupata wa kumkasirikia.

"Hakuwa peke yake," alisema Magdaline. "Mbwa mmoja hawezi kuua kuku wote hao. Hapa kijijini kila nyumba inamfungulia mbwa mwenye njaa jioni. Wanakutana barabarani, wanakuwa kundi. Mbwa mwenye njaa halindi, mama. Anatafuta chakula. Mnadhani mna mlinzi, kumbe boma liko tupu."

Aliendelea kueleza. Mizoga na maganda ya nyuma ya ua yaliwafundisha mbwa ladha ya kuku. Baadaye walifuata harufu hadi chini ya ghala, ambako hapakuwa na mlango wala ukuta. Tena kuna hatari kubwa kuliko kupoteza kuku. Mbwa wanaozurura huumana, na hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyosambaa. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha aende hospitali upesi. Asingoje kuona kama atapona, kwa sababu ugonjwa huo ukishaanza kuonekana, mtu hufa.

"Kwa hiyo nifanye nini?" aliuliza Wakonyo. "Niambie yote. Nitayafanya."

Kazi ilianza siku ileile. Kahiga alichimba shimo refu mbali na mfereji. Wakawazika kuku humo, wakatia majivu, udongo na mawe juu yake. Waliokota na mifupa ya nyuma ya ua, wakaizika pia. Tundu la ua waliliziba kwa mawe makubwa yaliyopangwa ili maji yapite lakini mbwa asipite.

Siku zilizofuata walijenga nyumba ya kuku. Magdaline aliwachorea kwenye mchanga. Isimame juu ya nguzo, juu ya kiuno cha mtu. Sakafu iwe ya fito, ili kinyesi kianguke chini na kuku wakae pakavu. Kuta ziwe na nafasi za kupitisha hewa, lakini ziwe nyembamba kiasi kwamba mdomo wa mbwa hauingii. Mlango uwe na komeo la nje. Ngazi ya kuku iondolewe kila jioni. Kahiga alitumia mabanzi ya mbao aliyokuwa ameyaweka ya kujengea choo. Choo kikangoja.

Jambo gumu lilikuwa moja tu, nalo Wakonyo alilifanya siku ileile ya kwanza, kabla ya jua kutua. Alikwenda kwa Ngatia. Hakusimama kwenye ua. Alipita langoni, akalitoa lile bawa kwenye mfuko wa aproni yake, akaliweka juu ya meza.

"Hili limetoka kitandani kwa Komando," alisema. "Nilikutukana bure, Baba Gathoni. Nisamehe."

Ngatia aliligeuza bawa. Kisha akakiri kwamba asubuhi ile mbwa wake mmoja naye alirudi na manyoya puani. Alikuwa amemfuta haraka, mkewe asione.

"Basi sisi wawili tunafuga wezi," alisema, na sasa alicheka. Wakonyo naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jioni hiyo Komando alipewa ugali uliobaki, umechanganywa na maji yaliyochemshiwa mifupa ya ng'ombe. Wakonyo alimtengea sahani yake, ya bati, iliyobonyea upande mmoja. Mifupa ya kuku hakumpa kabisa. Magdaline alikuwa amesema inaweza kumtoboa utumbo, tena inamkumbusha utamu. Lango lilifungwa, na Komando akabaki ndani.

Watu walicheka. Sokoni walisema, ati Mama Muriithi anampikia mbwa, kesho atamtilia chai. Kahiga mwenyewe hakuwa na imani. Alisema mbwa huyo sasa ni mgeni wa kulipiwa chakula, wala si mlinzi.

Siku moja Kahiga alikwenda Nyeri mjini, akarudi jioni amevaa koti refu alilonunua kwenye soko la mitumba. Alipofungua lango, Komando alimrukia kwa kubweka, akamrudisha mpaka barabarani. Kahiga alilazimika kulivua koti na kuita jina lake mara kadhaa kabla mbwa hajamtambua. Ngatia aliyaona yote kutoka kwake.

"Baba Muriithi," alimwita, "huyo mlinzi wako aliyeshiba amelala vizuri?"

Tangu siku hiyo Kahiga hakusema tena habari za njaa. Ngatia akaanza kuwalisha mbwa wake, na majirani wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Magdaline alipotangaza siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa pale joshoni, wa kwanza kwenye mstari alikuwa Wakonyo, ameshika kamba ya katani na Komando mwishoni. Nyuma yake alisimama Ngatia, akiburutwa na mbwa wake wawili. Mwenye bucha wa pale senta, penye maduka, naye alikubali kuchimba shimo la matumbo na damu, mahali alipokuwa akivitupa wazi. Mbwa wasio na wenyewe walipungua barabarani.

Lakini Wakonyo hakusahau ahadi yake. Kuku wa jikoni aliangua. Vifaranga wengine walikufa kwa baridi, na kila aliyekufa alizikwa. Waliobaki walipandishwa kwenye nyumba ya nguzo. Kila jioni Wakonyo aliwaingiza, akafunga komeo, akaondoa ngazi. Mvua iliponyesha alifanya hivyo. Alipokuwa na homa alifanya hivyo, amejifunika blanketi. Watiri aliendelea kuuliza kila Jumapili, na kila Jumapili Wakonyo alijibu, "Wanakua."

Pareto ilipochanua tena, mitetea walikuwa wameanza kutaga. Wakonyo alimwendea Watiri, lakini hakuwabeba kuku. Alisema anataka kwanza kuona watakapolala.

Watiri alimpeleka nyuma ya jiko. Nyumba ya kuku ilikuwa pale, juu ya nguzo, mabanzi yamepangwa vizuri. Kahiga na Ngatia ndio waliomsaidia kuijenga. Wakonyo alitikisa nguzo. Alijaribu komeo. Alipitisha vidole katikati ya mabanzi. Kisha akainama, akatazama chini ya ua wote, mpaka mwisho.

"Na mbwa?" aliuliza.

Watiri alionyesha. Mbwa wake, mwekundu na mwembamba, alikuwa amelala kivulini. Alisema anampa kinachobaki, lakini mara nyingi wajukuu hawabakishi kitu.

Wakonyo alimtazama mbwa huyo, kisha akaaga. Kesho yake alirudi na kikapu kichwani. Ndani yake mlikuwa na jogoo kijana na mitetea watatu, miguu imefungwa kwa nyuzi laini. Wajukuu walipiga kelele. Watiri aliwapokea kuku mmoja mmoja, akambeba kila mmoja mpaka ndani ya nyumba yake mpya. Alipomaliza aliushika mkono wa Wakonyo, akataka kusema asante, lakini machozi yakamtangulia.

"Ngoja," alisema Wakonyo. "Kikapu bado hakijaisha."

Aliinua majani yaliyotandikwa chini. Akatoa mfuko mdogo wa unga wa mahindi, na sahani ya bati iliyobonyea upande mmoja.

"Komando nimempatia nyingine," alisema. "Hii ni ya mbwa wako. Aanze leo jioni."

Watiri aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuiosha.