Gwantwa Hakuwa Mvivu

Ndugu zangu, wenye umri wangu mnaikumbuka Ileje ya miaka ile, kahawa inapoiva na vilima vyote vikijaa sauti za wachumaji. Sauti ya Gwantwa, mke wa Hezron, tuliitambua kutoka mbali. Akimaliza mstari wake wa mibuni, alihamia wa jirani bila kuombwa. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko. Ah, siku zile!

Mwaka 2007 alimzaa Jonasi, akavuja damu nyingi hata akazimia. Mama na mtoto walipona, ila maziwa hayakutoka. Tukamshukuru Mungu, tukaishia hapo.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alijifunika blanketi jua likiwaka, akaongea kwa kujivuta, akasinzia akimenya viazi. Hezron alivumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Mama Jonasi, sikuoa mtu wa kulala," alisema mbele ya wageni. "Ukiendelea hivi nitakurudisha kwenu."

Hospitalini walimpima tezi ya shingo, wakamwambia ni mzima. Hezron akapata la kusema: "Umesikia? Ni uvivu tu."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Ndipo Tabita, dada yake Hezron, akampeleka Mbeya. Mlangoni kwa daktari alimshika mkono. "Wifi, leo usiitikie tu. Sema yote."

Daktari Mbonile alisoma majibu ya zamani. "Tezi haina shida, mama."

Gwantwa alimgeukia daktari. "Samahani, dokta. Kipimo hicho kilipima nini hasa, homoni ya tezi yenyewe?"

"Hapana. Walipima ile inayotoka kichwani kuiamrisha tezi. Kwa wengi inatosha."

"Mimi tangu nivuje damu kwenye uzazi mwili haujapata joto. Hata maziwa sikutoa. Naomba unipime na hizo nyingine."

Daktari aliweka kalamu chini. "Damu nyingi? Huko nyuma hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza. Nami niliogopa."

Majibu ya safari hii yalionyesha homoni ya tezi iko chini sana, na nyingine kadhaa pia. Kumbe kule kuvuja damu kuliumiza sehemu ya kichwani inayotoa amri, ndiyo maana kipimo cha amri peke yake hakikuonyesha tatizo. Alipewa dawa za kunywa maisha yake yote, na polepole nguvu zikarudi.

Hezron alipoelezwa, alilia. "Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe, Baba Jonasi. Lakini mwanangu kaanza kutembea, kaanza kusema, na mimi nimelala. Hayo atanirudishia nani?"



FUNZO

Mtu aliyekuwa mchapakazi akibadilika ghafla, msimwite mvivu, msindikizeni hospitali. Nawe mgonjwa, mweleze daktari historia yako yote, muulize kipimo kimepima nini na kipi bado. Kumuuliza daktari si utovu wa adabu.