Kipimo cha Pili cha Sevvanthi

Siku za kuelekea Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mtaa wa Ranganathan haupitiki. Watu huingia upande mmoja wakatokea upande wa pili wamebebwa na wenzao, na mwenye haraka humbidi aiweke mfukoni. Katika msongamano huo ndimo mshipi wa kofia ya pikipiki ulimonasa shada la asumini kichwani mwa Sevvanthi. Nywele zikavutika, naye akajikuta anarudi kinyumenyume akimfuata mwanamume asiyemjua.

"Kaka, simama," alisema. "Unaondoka na kichwa changu."

Mwanamume akasimama. Alikuwa mwembamba, shati la samawati limeganda mgongoni kwa jasho, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Alipoona alichokifanya alianza kunasua ua mojamoja, huku umati ukiwasukuma mpaka wakabanwa mlangoni mwa duka la vyombo vya chuma. Sevvanthi alikuwa amevaa sari ya rangi ya embe bivu yenye pindo la zambarau, na alijua anatazamwa. Alijua pia kwamba kijana ameshasikia sauti yake na kuelewa kuwa yeye ni thirunangai, mwanamke aliyezaliwa akaitwa mvulana. Akangoja jicho lile alilolizoea, linaloruka pembeni kama limeungua. Jicho halikuruka.

"Nikununulie shada jingine," kijana alisema.

"Nunua mawili. La pili ni fidia ya kichwa."

Akanunua mawili. Kisha umati ukamvuta huku, yeye kule, na Sevvanthi alikuwa ameshafika kituo cha treni alipokumbuka kwamba hakumuuliza jina. Alicheka peke yake behewa zima.

Wakati huo alikuwa na sababu nyingine ya kucheka peke yake. Baada ya kungoja kwa muda mrefu, hospitali ya serikali ilikuwa imempa nafasi ya upasuaji wa kuufanya mwili wake uwe wa kike. Furaha ilimshibisha hata idli, vitumbua vya mchele vya asubuhi, akaziacha sahanini. Lakini ndani ya furaha hiyo palikuwa na mwiba. Sevvanthi alikuwa akifundisha sataranji katika ukumbi mmoja kule Mylapore, na kwenye michezo ya haraka wanaume wazima walikuwa wakimwogopa. Wenzake waliotangulia kupasuliwa walikuwa na maneno mengi: eti nusu kaputi inakausha ubongo, eti mwili ukibadilika kumbukumbu nazo zinahama, eti fulani alirudi nyumbani akasahau basi lake. Kwa mtu mwingine huo ni umbea wa kupitishia chai. Kwa Sevvanthi, akili ndiyo iliyokuwa mkate wake na jeuri yake.

Kwa hiyo Daktari Alamelu wa hospitali hiyo alipotafuta wanawake kama yeye kwa ajili ya utafiti, wapimwe kumbukumbu, umakini na ustawi wa nafsi kabla ya upasuaji na baada yake, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Mama Vadivu, thirunangai mwenzake mtu mzima, aliyemlea tangu alipofukuzwa kwao Salem, hakufurahi. Alisema watu hao watamchokonoa kama embe sokoni, kisha waende zao. Sevvanthi akamjibu kwamba anataka kujua mwenyewe kabla hajaambiwa na wapika umbea.

Akaingia chumba cha vipimo, na nyuma ya meza alikuwa amekaa yule wa asumini.

Jina lake Kathiresan, msaidizi wa utafiti, mtoto wa mjane mmoja wa Thoothukudi, mji wa wavuvi pwani. Alimsomea maneno ayarudie, akampangia tarakimu azitaje kinyumenyume, akampa michoro ainakili. Alijitahidi kuwa mkavu kama karatasi. Sevvanthi naye alijitahidi, mpaka alipoona masikio ya kijana yamekuwa mekundu.

"Kaka, ukinitazama hivyo nitaonekana mjinga kwenye utafiti wenu."

"Naangalia saa."

"Saa iko ukutani, nyuma yako."

Hata hivyo alifanya vizuri, tena vizuri sana. Walipomaliza walikutana tena nje, kwenye kibanda cha kahawa, na safari hii jina liliulizwa na namba zikaandikwa. Tangu asubuhi ya pili simu haikupoa. Kathiresan alikuwa akipiga wakati Sevvanthi anasuka nywele, akipiga wakati anasubiri basi, na kila mara alikuwa na hatua moja ya sataranji ya kutuma, karibu zote mbovu. Sevvanthi akamwambia anacheza kama mtu anayetafuta funguo gizani. Akajibu kwamba hachezi ili ashinde, anacheza ili mchezo usiishe. Sevvanthi akakata simu kwa aibu, kisha akapiga yeye.

Wakawa wanakutana Jumapili karibu na bwawa la hekalu la Mylapore, yeye na sari zake za rangi kali, kijana na mashati yake mawili anayopokezanisha. Siku ya kuingia wodini Kathiresan alimshika mkono mbele za watu, jambo lililomfanya Sevvanthi ahisi lami inayeyuka chini ya ndala zake.

"Ukifumbua macho nitakuwa hapo," alimwambia.

Alipofumbua macho alimkuta Mama Vadivu, dripu, na nesi anayemwambia asijigeuze. Siku hiyo Kathiresan hakuja. Kesho yake hakuja. Simu iliita bila kupokewa, halafu ikazimwa kabisa.

Mambo mawili makubwa yakamkuta Sevvanthi kwa pamoja, na hakujua alipokee lipi kwanza. Mwili ulikuwa wake hatimaye. Asubuhi ya kwanza alipotembea mwenyewe hadi bafuni aliegemea ukuta akalia kwa raha, kilio cha mtu aliyefika kwake. Na maumivu yakiwa bado mabichi, akarudi kitandani kutazama simu isiyolia. Akajiambia kwamba kijana alipenda hadithi ya mwanamke anayengoja, na kungoja kulipokwisha, naye akaisha. Mama Vadivu alimchemshia supu, akatukana kizazi chote cha wanaume wenye miwani, na hakumgusia tena.

Miezi ikapita. Sevvanthi alirudi ukumbini, na siku moja mhandisi mmoja mwenye majivuno akamwalika mchezo wa haraka. Watu wakawazunguka. Sevvanthi alitoa malkia wake sadaka, umati ukaguna, na hatua chache baadaye mfalme wa mhandisi hakuwa na pa kukimbilia. Akili ilikuwa pale pale, kali, inamcheka. Jibu alilolifuata kwenye utafiti alikuwa amelipata mwenyewe.

Ndipo akaitwa kwa kipimo cha pili, na safari hii aliyekaa nyuma ya meza ni Daktari Alamelu mwenyewe. Kumbukumbu na tarakimu zilikwenda kama maji. Yakaja maswali ya ustawi: siku hizi huzuni inamjia mara ngapi? Sevvanthi aliweka kalamu chini.

"Daktari, hapa nitawaharibia kazi. Mwili wangu unanipa furaha kila nikiamka. Huzuni ninayo, lakini si ya kisu. Nikiandika kweli, mtasema upasuaji umenihuzunisha. Nikiandika uongo, nitakuwa nimedanganya."

"Huzuni ya nini, mwanangu?"

"Ya mtu wa miwani aliyekaa kwenye kiti chako."

Daktari akavua miwani yake mwenyewe, akaifuta polepole. Akamweleza kwamba jioni ya siku ile ya kulazwa, Kathiresan alikwenda ofisini kwake akakiri kwamba anampenda mshiriki. Daktari akamwondoa kwenye utafiti, akamtaka asimkaribie mgonjwa mpaka kipimo cha pili, ili furaha au machungu yao yasichanganyike na majibu.

"Lakini nilimwagiza akuambie mwenyewe, asubuhi, kabla hujaingizwa chumba cha upasuaji. Akaniambia amekuambia."

Sevvanthi aliandika ukweli wake wote, pamoja na maelezo pembeni, akauliza kijana amehamishiwa wapi. Dakika hiyo hiyo alikuwa kwenye treni ya Guindy, kilipo chuo alichotajiwa.

Alimkuta kwenye korido ya chuo, amekonda zaidi, amebeba bahasha kifuani. Kathiresan alipomwona alisimama kama aliyeitwa na polisi. Hakujitetea sana. Alisema alikuja hadi mlango wa wodi asubuhi ile, akamkuta anacheka na manesi, akaogopa kumvunja moyo dakika za mwisho. Kisha ikawa vigumu kesho yake, na ikawa aibu wiki iliyofuata.

"Uliulinda utafiti," Sevvanthi alisema. "Mimi nani alinilinda?"

"Hakuna. Nilikuwa mwoga."

Sevvanthi alikuja na maneno ya kumkata vipande. Neno hilo moja likampokonya nusu yake. Nusu iliyobaki aliitumia kuuliza jambo lililokuwa likimkereketa tangu zile Jumapili za bwawani.

"Mama yako anajua jina langu?"

Kijana akatikisa kichwa.

"Basi woga wako haukuanzia wodini."

Kathiresan aliweka bahasha sakafuni. Akatoa simu, akapiga Thoothukudi, akaiweka kwenye spika, wanafunzi wakipita huku na huku. Sauti yake ilikwaruza lakini haikusimama. Alimwambia mama yake kuna mwanamke anataka kumwoa akikubaliwa, anaitwa Sevvanthi, mwalimu wa sataranji, ni thirunangai, na amemkosea vibaya.

Upande wa pili ilisikika feni, ikasikika redio ya jirani.

"Yupo hapo?" mama aliuliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Sevvanthi aliipokea kwa mikono yote miwili, moyo unapiga kama saa ya mchezo wa haraka.

"Shikamoo, mama."

"Mimi mambo yenu ya huko mjini nitayaelewa polepole," mama alisema. "Niambie jambo moja. Unakula samaki? Maana huyu nyumba yake yote ni samaki."

Sevvanthi alimtazama Kathiresan, ambaye alikuwa ameziba uso kwa bahasha.

"Nakula, mama. Na miiba naijua kuitoa."

"Basi njooni Jumamosi. Na huyo mwambie apande gari la pili. Wewe tangulia, tuzungumze."