Binti Anayemwogesha Mama

Mwanzoni lilikuwa jambo jema, ndiyo maana hawakuliogopa. Fundi kamera na mkewe walirudi kutoka kazini wakamkuta mama mzazi wa fundi, aliyelazwa na kiharusi, ameshaogeshwa, nywele zimechanwa, chumba kinanukia udi. Nyumba ile haikuwa na udi.

"Nani amekuogesha, mama?" mke aliuliza.

"Si ni yule binti yenu!"

Hawakuwa na binti. Lakini mke alikuwa hoi. Alivua viatu, akakaa chini, akashukuru kimoyomoyo.

Ikawa kila siku. Na kila siku mama akazidi kuwa mwepesi, hata fundi alipomwinua alihisi ameshika shuka tupu. Siku mama alipomkodolea macho mwanawe na kuuliza, "Huyu mgeni anamtafuta nani?" fundi akaamua kutega kamera.

Alichukua kamera kuukuu akaiunganisha na kihisi cha mwendo, vyote vikitegemea betri moja ya simu. Betri ikafa kabla ya adhuhuri. Akaipekua saketi, macho yakimuwasha kwa uchovu. Kitaa cha kuonyesha kwamba inawaka kilikuwa kinanyonya umeme bure, na kamera nayo ilikesha bila kazi. Akakikata kitaa, akaweka transista ya kuinyima kamera umeme mpaka kitu kipite mbele ya kihisi.

"Nayo ilale," alimwambia mkewe. "Angalau mmoja wetu apumzike."

Safari hii betri ilidumu. Jioni walizitazama picha wamesimama, bega kwa bega. Kwanza kitanda. Kisha maji yamening'inia hewani. Kisha mama ameinuliwa juu ya godoro, kichwa kimeegemea bega lisilokuwepo, kitana kikipita chenyewe kwenye nywele zake, na kila kilipopita uso wake ulififia, picha baada ya picha, mpaka ile ya mwisho ambayo juu ya mto zilibaki nywele zilizochanwa vizuri, na chini yake ngozi laini isiyo na macho wala mdomo.

"Zima," mke alinong'ona. "Zima, mume wangu."

Kesho yake wakamwita mganga. Alipofukiza na kusoma, mama alitetemeka, akasema kwa sauti ya kisichana: "Nyinyi mmemchoka. Mimi sijamchoka."

"Toka!" mganga alifoka.

"Kwani nimemwibia nani?"

Mlango ukajibamiza. Harufu ya udi ikakatika. Mama akafumbua macho, akamwita mwanawe kwa jina lake, akaomba maji. Mke aliangua kilio.

Wiki zikapita. Mama alikuwa mzito tena, akijichafua, akimtukana anayemgeuza. Jioni moja fundi alikuwa jikoni akipasha maji ya kumwogeshea, akamsikia mkewe chumbani akijisemea kwa sauti ya mtu aliyeishiwa kabisa.

"Laiti ningekuwa na binti, jamani. Binti wee..."

"Abee, mama," kitu kikaitikia nyuma ya mlango.