Filamu Niliyoipa Kumi

Filamu za kutisha? Nilikuwa nikizicheka, mimi. Mzimu kajifunga shuka, nampa alama mbili kati ya kumi, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale Elisabethville, mwaka wa thelathini na nane. Filamu zetu zilikuwa bubu, nami nilisimama kando ya kitambaa cheupe nikiwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Midomo ya watu niliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Lakini kwanza nilizitazama peke yangu na kuzipa alama za kutisha. Ikizidi saba, watu wa Cité Albert, mtaa wetu, hawaonyeshwi.

Jioni ile mke wangu Delphine alinisindikiza. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na hakutaka kubaki nyumbani kwa kuogopa batumbula, wale wezi wa watu. Akaketi nje, mlangoni mwa ukumbi. Alexis wa mashine ya filamu akatufungia ndani, mimi naye, kwa ufunguo ili watoto wasichungulie. Hafungui mpaka nitoe alama, ndiyo amri ya mzungu wake.

Krrrrr... mashine ikaanza.

Kitambaani palikuwa na chumba kitupu, na mwanamume aliyenipa mgongo. Harufu ya udongo mbichi ikanijia puani. Nikadhani ni mvua.

Yule mtu akageuka. Midomo yake ikatembea, taratibu... Nami kwa mazoea ya kazi nikamsemea, tena kwa sauti:

"Delphine! Kuya."

Nilikuwa nimemwita mke wangu aje. Kwetu kila mtoto anajua: giza likiingia, ukiitwa mara moja, usiitike, huenda si mtu anayekuita. Lakini aliyeita ni mimi, kwa sauti yangu, na mke gani asiyemjua mumewe?

Huko nje nikamsikia akiitika kwa heshima: "Mukwai! Niko nakuya."



Kitambaani, mlango wa kile chumba ukafunguka. Akaingia mwanamke, mkono tumboni.

Niliurukia mlango wetu, nikaupiga kwa mabega. Haukutikisika.

"Alexis, fungula!"

"Filamu haiyaisha bado," alinong'ona gizani. "Unipe points kwanza."

"Dix! Dix sur dix! Kumi kwa kumi! Fungula, ndugu yangu!"

Ufunguo ukalia. Delphine alikuwa pale pale mlangoni, ametulia. Nilimkumbatia nikalia bila aibu. Nyuma yangu Alexis akasema polepole, "Stanislas, ile filamu haikukuya na zingine. Nilizania ni weye uliileta."

Tulitembea hadi nyumbani, yeye kimya, mimi nikimshukuru Mungu. Nikawasha taa. Delphine akaketi kitandani, akanitazama, akafungua mdomo.

Sauti haikutoka.

"Sema, mama," nikamsihi. "Sema kitu."

Midomo yake ikatembea tena, taratibu. Sikutaka kuisoma. Nikaisoma.

"Bwana, nifungulie mulango. Huku iko giza... na huyu muntu iko nakaribia."